Bahari hii ilikuwa ya nani? Maswali yanayoulizwa sana kuhusu Unguja, Pemba na mwambao

Maswali haya nakutana nayo kila siku, barazani, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa vijana wa skuli wakipewa kazi ya historia, na kwa wageni wakishuka boti Malindi. Nimeyaweka pahala pamoja. Majibu mengine marefu mengine mafupi, inategemea na swali. Msimamo wangu nautoa mapema kabisa: waliokuja kugombania hapa karibu wote hawakuanza na ardhi, walianza na forodha na njia ya vyombo, ardhi ikafuata baadae. Ukilishika hilo mengi yatakukalia sawa.

Kwani Zanzibar ina nini mpaka kila mtu akaitaka? Si kisiwa kidogo tu hichi?

Upepo. Kaskazi inaanza kuvuma kama Disemba mpaka Machi, inaleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, halafu Aprili inageuka kusi na vyombo vinarudi. Jahazi la tanga haligombani na upepo, likifika lazima lingoje, na pahala pa kungojea ndo panakua mji. Unguja unaifikia kwa kaskazi moja na unarudi kwa kusi ya mwaka huohuo, wakati ukitaka kwenda kusini zaidi, Sofala kule kwenye dhahabu, hesabu inakua nyengine, unaweza ukalala mwaka mzima ugenini. Halafu bandari yenyewe imekaa vizuri, Changuu, Chapwani na Bawe vinakata mawimbi, maji matamu yapo, na chakula kinatoka Pemba. Kwahio mwenye Unguja hana haja ya kukimbizana na meli baharini, zinakuja zenyewe mlangoni, yeye anakaa anahesabu mizigo na kutoza ushuru.

Mreno alikuja kufanya nini khasa?

Alikuja kufunga njia. Vasco da Gama alipita mwambao huu 1498. Mwaka 1503 nahodha wa Kireno anaitwa Ruy Lourenço Ravasco akaja kukamata vyombo vya watu hapa Unguja mpaka mfalme akakubali kulipa kodi kila mwaka, yani kabla hata ya kujenga kibanda. 1505 Francisco de Almeida akazipiga Kilwa na Mombasa. Baada ya hapo wakaanza kushika milango ya bahari mmoja mmoja: Goa 1510, Malacca 1511, Hormuz 1515. Aden walijaribu 1513 wakashindwa, na hapo mpango wao ukabaki na tundu mana Bahari ya Shamu hawakuifunga kamwe.

Kazi yenyewe ilikua hivi. Chombo chochote kinachotaka kufanya biashara kilitakiwa kiwe na karatasi ya ruhusa ya Mreno, imeandikwa nahodha nani, kinatoka wapi kinakwenda wapi, na lazima kipite kwenye bandari zao kikalipe ushuru. Ukikutwa huna karatasi mzigo unachukuliwa na chombo pia. Sasa fikiria bahari ambayo watu wamepita karne kwa karne bila kuomba ruhusa ya mtu, leo anatokea mgeni kutoka nyuma ya Rasi ya Tumaini Jema anakuuzia ruhusa ya kupita kwenu. Mimi naona hili ndo jambo kubwa zaidi alilofanya Mreno huku, kubwa kuliko zile ngome. Ngome ilikua ya kulinda hio karatasi tu. Fort Jesus Mombasa ilianza kujengwa 1593, hapa Unguja waliweka kanisa na nyumba za biashara pale ilipo Ngome Kongwe leo.

Ile mizinga ya mbele ya Beit el Ajaib ni ya nani?

Swali zuri mana watu wanapiga picha tu. Ile miwili ya shaba ni ya Kireno, karne ya 16, na mkubwa una nembo ya ufalme wa Ureno. Lakini haikuletwa hapa na Mreno. Mwaka 1622 Wafursi wakisaidiwa na meli za kampuni ya Kiingereza waliwatoa Wareno Hormuz, mizinga ikatekwa, wakachonga na maandishi yao ya Kifarsi juu ya shaba ileile, halafu ikaingia mikononi mwa Waomani na mwisho ikatua Unguja. Mzinga mmoja umepita kwa mabwana watatu wa bahari, na ukiangalia kwa karibu unaona nembo ya mmoja na mwandiko wa mwengine.

Aliyewatoa Wareno ni nani, Waomani au Waswahili wenyewe?

Wote, na sio kwa pamoja. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa ambae Wareno walimlea Goa na kumbatiza, aligeuka akaiteka Fort Jesus na kuwaua Wareno waliokuwemo. Wakarudi lakini. Waomani waliikomboa Muscat 1650, na 1652 tu meli zao zimeshafika kuipiga Unguja. Kisha ukaja mzingiro wa Fort Jesus, kuanzia Machi 1696 mpaka Disemba 1698, karibu miaka mitatu, watu ndani wanakufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Hapa Unguja malkia Fatuma, Mwana Mwema, alikua upande wa Mreno, na akawa anawapelekea chakula waliozingirwa. Alipeleka chakula kwa mvamizi? Ndio, na alikua na sababu zake, kila mji wa mwambao ulikua unahesabu ni bwana gani atakaeuumiza kidogo. Mombasa ilipoanguka akachukuliwa akapelekwa Muscat. Wareno waliirudisha Mombasa 1728, haikufika miaka miwili wakatolewa tena na safari hii ndo moja kwa moja, wakabaki Msumbiji.

Wale wanaosimulia kua Waomani waliitwa kuja kutukomboa wanasema kweli nusu. Waliitwa na baadhi, walikuja, halafu hawakuondoka.

Na Pemba je? Mbona inatajwa kidogo?

Inatajwa kidogo na wasioijua. Pemba ilikua ghala ya mpunga. Aliekua na Mombasa alikua anaitaka Pemba mana ngome bila ya chakula si ngome, Mreno alikula mchele wa Pemba, na baadae Mazrui, ukoo uliokua unatawala Mombasa, wakaishika kwa sababu hiohio. Miaka ya 1820 mwanzoni Seyyid Said, mtawala wa Oman, akawanyang'anya Mazrui Pemba, na kuanzia hapo Mombasa ikaanza kudhoofika. Mazrui wakakimbilia kwa Mwingereza, kepteni Owen wa jeshi la majini la Kiingereza akawapandishia bendera ya Uingereza 1824, lakini London haikuitaka hio kazi na 1826 ikashushwa. Mombasa yenyewe ikaingia mikononi mwa Seyyid Said 1837. Mchezo wa ng'ombe unaochezwa Pemba wazee wanasema ulibaki kwa Mreno, mimi siwezi kubishana nao.

Kwanini Seyyid Said akauhama mji wake wa Muscat akaja kukaa Unguja?

Pesa ilikua huku. Kule Muscat alikua amebanwa, Mawahabi nchi kavu, Mwingereza ndani ya Ghuba, ndugu wanagombania utawala. Huku kuna pembe za ndovu, karafuu zinaanza kushika, na, tuseme bila kuficha, kuna biashara ya watumwa, maelfu kwa maelfu wanashushwa Unguja na kuingizwa kwenye mashamba ya karafuu au kupelekwa ng'ambo. Utajiri wa mji ule tunaousifia milango yake umekaa juu ya mgongo huo.

Ujanja wake wa biashara ulikua mkubwa. Aliweka mkataba na Marekani 1833, Uingereza 1839, Ufaransa 1844, ushuru wa kuingiza bidhaa asilimia 5 basi, na kukusanya kwenyewe akakodisha, mtu anatoa kiasi maalum kwa mwaka halafu anajikusanyia, kwa miaka mingi alikua Jairam Shivji na watu wake. Mmarekani alileta nguo za merikani akachukua pembe na gundi ya sandarusi, akafungua ubalozi 1837, kabla ya Mwingereza. Seyyid Said hata akapeleka meli yake Sultana mpaka New York 1840. Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani madola makubwa yalikuja kutukuta tumelala, kumbe walikuta serikali inayojua vizuri sana kuwachezesha wao kwa wao, na mchezo huo ulikubali kwa miaka mingi mpaka meli za mvuke zilipokuja.

Mwingereza alikua anapinga utumwa kweli au ilikua kisingizio cha kuchukua bahari?

Vyote viwili, na mtu akikulazimisha uchague kimoja mwambie hapana. Mkataba wa Moresby wa 1822 ulipiga marufuku kuwauzia Wakristo watumwa na ukachora mstari kutoka Cape Delgado mpaka Diu kule India, chombo chenye watumwa kikikutwa nje ya mstari kinakamatwa. Mkataba wa 1845 ukabana zaidi. Ule wa Juni 1873 ukafunga soko kabisa, Sultan Barghash alikua hataki, balozi John Kirk akamueleza kwamba akikataa meli za kivita zitaifunga bandari, akatia sahihi. Soko la Mkunazini likafungwa, leo pana kanisa.

Watu waliookolewa na hizo meli walikua watu kweli, hilo halifutiki. Lakini angalia pia kilichopatikana njiani: haki ya kusimamisha jahazi lolote na kulipekua. Aliekua na haki hio ndo mwenye bahari, bendera iwe ya nani. Na 1861 Mwingereza huyohuyo ndie aliekata kesi ya urithi ya watoto wa Seyyid Said, Zanzibar huku Muscat kule, na Zanzibar ikatakiwa iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa wakaahidiana kuheshimu uhuru wa masultani wote wawili. Ahadi ilikaa chini ya miaka 30.

Maili 10 za pwani zimetokea wapi?

Hili ndo swali ninalolipenda. Mwaka 1884 kijana wa Kijerumani, Carl Peters, aliingia bara akazunguka na makaratasi, machifu wakatia alama ya msalaba, akarudi Berlin akasema nchi ni yetu, na mwanzoni mwa 1885 serikali yake ikamuungia mkono. Barghash akalalamika, ile ni njia yake ya misafara na machifu wale ni wake. Jibu lilikuja Agosti 1885, meli za kivita za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri. Na katika safari hio hio akaletwa Bibi Salme, dada yake Barghash aliekwenda Hamburg na kuolewa na Mjerumani, na mtoto wake ambae ni raia wa Ujerumani. Barghash alielewa ujumbe, dada yake hakumpokea.

Ikaundwa tume ya kutafuta Sultan anamiliki mpaka wapi. Wajumbe watatu: Mwingereza (alikua Kitchener, yuleyule wa Sudan baadae), Mjerumani na Mfaransa. Mzanzibari hakuna. Wakapita mji baada ya mji pwani kuuliza askari wa Sultan wako wapi, bendera iko wapi, ushuru anakusanya nani, Mjerumani anapunguza kila anapoweza, na mwisho London na Berlin wakaelewana wenyewe Novemba 1886. Sultan abaki na Unguja, Pemba, Mafia, Lamu na visiwa vyengine vidogo, mkanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kutoka upande wa Ruvuma mpaka Kipini, na miji ya Benadir huko juu, pwani ya Somalia. Nyuma ya mkanda wakajigawia wao.

Sasa maili 10 ni nini? Ni forodha bila ya nchi. Umeachiwa mlango na nyumba imechukuliwa. Na mlango nao ukakodishwa, kampuni ya Kiingereza ikachukua wa kaskazini 1887, kampuni ya Kijerumani wa kusini 1888. Walipofika Pangani na kuishusha bendera ya Sultan watu wakawaka, Abushiri bin Salim Pangani, Bwana Heri Saadani, mwambao mzima. Ujerumani ikaleta jeshi la Wissmann, ikafunga pwani na manowari pamoja na Mwingereza, na Abushiri akanyongwa Pangani Disemba 1889.

Eti kweli tulibadilishwa na kisiwa cha Ulaya?

Inategemea unavyosema. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Uingereza iliipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland kilichopo Bahari ya Kaskazini, kijiwe kidogo lakini kimekaa mbele ya milango yao ya bahari, na Ujerumani ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza na ikaiachia Witu, usultani mdogo karibu na Lamu. Lakini Zanzibar haikua ya Ujerumani hata iuzwe, Ujerumani iliuza madai yake tu, madai ya kitu cha mtu mwengine. Pwani ya kusini ndo iliyochukuliwa kikweli, Sultan akalipwa alama milioni 4 za Kijerumani, kama pauni 200,000.

Na mkataba huohuo ndo ulioandika kua mpaka unapita ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mpaka leo Tanzania na Malawi hawajamalizana. Karatasi moja, kesi kibao.

Kwanini Mafia si Zanzibar?

Kwa sababu 1890 ilikwenda pamoja na pwani kwa Mjerumani. Mwingereza aliiteka Januari 1915, baadae ikaingizwa Tanganyika, na hakuna aliewauliza Wamafia.

Vita vya dakika 38 vilikua vya nini?

Vya nani anamchagua Sultan. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki, Khalid bin Barghash akaingia kasrini bila ruhusa ya balozi wa Kiingereza. Akapewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameshatoka. Meli tano za Kiingereza zimejipanga mbele ya Forodhani, yeye ana kasri la mbao na mawe, mizinga michache na meli yake moja, Glasgow, ambayo Barghash aliiagiza Uingereza. Saa tatu na dakika mbili wakaanza, tatu na arubaini kimya. Wengine wanahesabu 45. Watu kama 500 upande wa kasri walikufa au kujeruhiwa, Mwingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Glasgow ikazama pale pale maji machache, milingoti mitatu imebaki nje ya maji miaka na miaka kila meli inayoingia inaiona, na sidhani kama kulikua na haraka ya kuiondoa.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Kijerumani. Balozi akakubali kutomruhusu akanyage ardhi ya Zanzibar. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa sana, mashua ya meli ya Kijerumani ikaletwa mpaka mlango wa ubalozi wa upande wa bahari, Khalid akapanda moja kwa moja, hajakanyaga ardhi, akapelekwa Dar es Salaam. Mwingereza alimkamata huko 1916 wakati wa vita, akahamishwa mbali, akaja kufia Mombasa 1927.

Makaburi ya Chapwani ni ya nani?

Wengi ni mabaharia wa Kiingereza, wamo wa manowari HMS Pegasus. Tarehe 20 Septemba 1914 alfajiri, Jumapili, Pegasus ipo bandarini inatengenezwa mitambo, meli ya Kijerumani Königsberg ikatokea kusini ikaipiga kwa mbali ambapo mizinga ya Pegasus haifiki. Wiki chache kabla Königsberg ilishaikamata meli ya mizigo ya Kiingereza City of Winchester karibu na Oman, yani njia nzima ya India ilikua roho juu kwa sababu ya meli moja. Baadae ikajificha ndani ya mito ya Rufiji, Mwingereza akaihangaikia miezi mpaka Julai 1915.

Mombasa ilikua ya Zanzibar kweli, au maneno ya barazani?

Kweli kabisa, kwenye karatasi mpaka 1963. Mwaka 1895 mkanda wa pwani ya Kenya ulikodishwa kwa serikali ya Uingereza kwa pauni 11,000 kwa mwaka, ukijumlisha riba ya zile pauni 200,000 za Mjerumani inakua 17,000. Na zile 200,000 zenyewe Mwingereza alizitumia kuilipa ile kampuni yake iondoke, yani pesa za kuuzia pwani ya kusini zikatumika kununulia uongozi wa pwani ya kaskazini, na Sultan analipwa riba. Ukilisoma mara ya kwanza unacheka, mara ya pili huwezi. Miji ya Benadir, Mogadishu, Marka, Barawa na Warsheikh, ilikodishwa kwa Italia 1892 ikauzwa moja kwa moja 1905 kwa pauni 144,000.

Uhuru ulipokaribia kukawa na watu wa Mwambao waliotaka pwani ijitenge au irudi Zanzibar. Tume ya Kiingereza ya Robertson 1961 ikasema bora iungane na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963 waziri mkuu wetu Mohammed Shamte na Jomo Kenyatta wakakubaliana, Sultan anaachia, na Kenya inaahidi kulinda makadhi na mambo ya Waislamu wa pwani. Ndo sababu mahakama ya kadhi imo kwenye katiba ya Kenya.

Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, walipoanza kupiga meli Bahari ya Shamu, sisi tulifaidika? Si meli zilipita huku?

Hazikupita huku. Tangu Novemba 2023, ilipotekwa meli ya Galaxy Leader, kampuni nyingi kubwa zilizungusha meli Rasi ya Tumaini Jema, lakini meli inayotoka Asia kwenda Ulaya inakata bahari kuu kusini ya Madagascar, haina sababu ya kuja kuchungulia Malindi. Tulichopata sisi ni nauli ya kontena kupanda na mizigo kuchelewa. Bab el Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, upana wake hata kilomita 35 haufiki pale panapobana, na kundi lisilokua hata na manowari limeweza kuifunga kiasi cha kutisha. Djibouti pale pembeni wamejaa wote, Mfaransa, Mmarekani, Mjapani, na Mchina tangu 2017. Wareno walioshindwa Aden wangelielewa hili vizuri.

Leo bahari yetu inaishia wapi?

Kwa sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa ya 1982, maili 12 za baharini ni kama ardhi yako, na mpaka 200 samaki na vilivyo chini ni vyako lakini meli zinapita bure. Mipaka ni suala la Muungano, uvuvi wa bahari kuu una mamlaka ya pamoja na makao yake yapo Zanzibar. Mafuta na gesi Zanzibar ina sheria yake tangu 2016. Mgao wa hayo kati ya pande mbili ni mjadala wa baraza nyengine, hapa tutakesha.

Na mpaka na Kenya, ugomvi upo?

Haupo, ulimalizwa kwa barua za 1975 na 1976, mstari unapita mkondo wa Pemba halafu unakwenda mashariki sambamba na latitudo. Utamu ni kilichofuata. Kenya ikataka na Somalia iwe hivohivo, Somalia ikaenda mahakama ya The Hague 2014, hukumu ikatoka tarehe 12 Oktoba 2021. Majaji wakasema hakuna makubaliano ya mstari wa latitudo na Somalia, ila wakausogeza mstari kidogo kuipa Kenya nafuu, na katika sababu walizoandika imo Pemba: kua kisiwa kikubwa chenye watu kimekaa pale kinaibana bahari ya Kenya upande wa kusini. Kenya imeikataa hukumu. Lakini Wapemba jueni mmetajwa The Hague kwa kukaa tu.

Wapemba waliopo Kenya ni wa wapi kisheria?

Wavuvi wa Pemba wamekua wakifuata samaki mpaka Vanga, Shimoni, Kilifi kabla mpaka haujachorwa, wengine wakahamia na kuzaa huko. Waliobaki bila ya kitambulisho waliishi kwa tabu miaka mingi, hupati leseni ya uvuvi, huwezi kusajili laini ya simu, huwezi kufungua akaunti benki, mtoto anasoma lakini cheti cha kuzaliwa hana. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ikawatambua rasmi kua ni jamii ya Kenya na wakaanza kupewa vitambulisho. Ukiwa na jamaa huko ambae bado hajapata, anaanzia kwa chifu wa eneo lake na wazee wa jamii, aende na karatasi yoyote ya zamani ya wazazi, hata kadi ya kliniki. Wa huku wanaotaka kwenda kuwatembelea kwa ngalawa kupitia Vanga nawashauri wapite uhamiaji, askari wa doria hawaulizi ukoo.